Kulipwa kwa kupima bidhaa kwenye intaneti: maswali ya mwenye kuanza

Kila mtu aliyeisha kutafuta nyumba ya kupanga Goma, Bukavu ao Bunia anamjua komisyoneri. Yeye hana nyumba, lakini anajua nyumba ziko wapi. Anamfikisha mpangaji kwa mwenye nyumba, na wakipatana anakamata fungu lake, mara nyingi bei ya mwezi mmoja. Kazi inayoitwa afiliasyo ni ile ile, tofauti ni kwamba komisyoneri wa intaneti hatembei kwa miguu. Anafungua tovuti, anaandika juu ya bidhaa alizozipima, kisha anaweka linki inayompeleka msomaji kwenye duka. Msomaji akinunua, duka linamlipa mwandishi komisyo.

Vijana wengi wa mashariki mwa Congo wamesikia habari ya kazi hii kupitia video za YouTube, ambamo mtu anaonyesha maelfu ya dola kwenye ekrani ya kompyuta. Video hizo hazisemi sana juu ya mambo madogo madogo yanayomkwamisha mtu wa huku: feza itafika namna gani, nani atanunua, na bidhaa itapimwa na nini wakati umeme umekatika toka asubuhi. Habari hii inajibu maswali hayo.

Linki inajua namna gani nani amemleta mnunuzi?

Amazon, duka la Marekani, ilifungua programu yake ya afiliasyo mwaka 1996, na mpaka leo ndiyo wenye kuanza wanaijua zaidi. Kila anayejiandikisha anapewa alama yake mwenyewe, na alama hiyo inabandikwa kwenye mwisho wa linki. Msomaji akibonyeza, kitu kidogo kinachoitwa kuki kinabaki ndani ya telefone yake na kukumbuka nani alimleta. Kwa Amazon, kumbukumbu hiyo inadumu saa 24. Kama ndani ya saa hizo mtu ameweka bidhaa kwenye kikapu bila kulipa, mwandishi bado ana haki ya komisyo hadi siku 90.

Jambo moja linawashangaza wengi: komisyo haihesabiwi tu kwa bidhaa iliyoandikwa. Mtu akibonyeza linki ya taa kisha akanunua viatu, viatu vinahesabiwa. Lakini akirudisha viatu, komisyo inaondolewa.

Asilimia si kubwa. Kwa vitu vingi vya Amazon inakuwa kati ya 1 na 10 kwa mia, na vitabu vya karatasi viko kwenye 4.5. Tuseme taa inauzwa dola 30 na komisyo ni 4 kwa mia: mwandishi anapata dola 1 na senti 20. Kama kwa mwaka mmoja ametumia dola 52 kwa jina la tovuti na nafasi kwenye seva, anahitaji kuuza taa 44 ili arudishe feza yake tu. Mega za intaneti, mafuta ya jenereta na bidhaa alizonunua ili azipime hazijaingia kwenye hesabu hiyo. Ni vizuri kufanya hesabu ya namna hii kabla ya kulipa kitu chochote.

Tena kuna masharti. Amazon inampa mwenye kuanza siku 180 za kuleta mauzo matatu. Asipofikisha, konti inafungwa na anaanza upya. Haikubali mtu anunue kwa linki yake mwenyewe, na haikubali aombe jamaa na marafiki wanunue ili «kumsaidia». Wengi wamepoteza konti juu ya hiyo, sababu jambo la kwanza mtu anafanya akiisha kupata linki ni kuituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia.

Mnunuzi ni nani?

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Mkaaji wa Beni ao Uvira anaandika juu ya pawabanki, anaweka linki za Amazon, na wasomaji wake wote ni wa Beni na Uvira. Hakuna atakayenunua. Amazon haina duka Congo, kadi ya benki ni ya wachache, na mzigo hauna namna ya kufika kwa mlango wa mtu. Jumia, ambayo inauza Kenya na Uganda, nayo haihudumii Congo. Bidhaa zinafika huku kwa njia nyingine kabisa, kwa mfano kupitia wafanyabiashara wa Butembo wanaokomanda kontena China na Dubai, kisha zinashuka hadi kwenye depo na butiki za mtaani.

Kwa hiyo mwenye kuanza anachagua kwanza msomaji, bidhaa inakuja nyuma. Msomaji anaweza kuwa Mkongomani aliye ng'ambo. Congo ni moja kati ya inchi ambazo wakimbizi wengi zaidi walipokelewa Marekani kwa miaka iliyopita, na wengi wao wanaongea Kiswahili. Huko wananunua kwenye intaneti kila wiki, na wanatafuta mtu wa kuwaeleza kwa lugha yao ni kiti gani cha mtoto kinafaa kwenye gari ao ni telefone gani ya kumtumia mama Fizi itakayoshika laini mbili. Mwandishi wa huku anajua swali la pili kuliko mwandishi yeyote wa New York. La kwanza hawezi kulijibu vizuri, na afadhali aliache.

Njia ya pili ni vitu visivyosafirishwa: programu za kompyuta, masomo ya kwenye intaneti, nafasi za kuhifadhi tovuti. Kampuni zinazouza nafasi kwenye seva zinalipa mara nyingi makumi ya dola kwa mteja mmoja. Ndiyo sababu intaneti imejaa kurasa za «kampuni kumi bora» ambamo ya kwanza ni ile inayolipa komisyo kubwa, na msomaji hajui.

Njia ya tatu, ambayo video za YouTube haziitaji kamwe, ni kupatana na duka la hapa hapa. Mwenye butiki ya panneau na betri pale Birere hana programu ya afiliasyo, lakini anaelewa komisyo toka utoto. Inatosha linki ifungue WhatsApp ya duka na ujumbe ulioandikwa tayari, wenye neno la siri la mwandishi ndani yake. WhatsApp inaruhusu kutengeneza linki ya namna hiyo bila malipo. Mnunuzi anatuma ujumbe, duka linaona neno, na alama inabaki kwenye telefone ya mnunuzi na ya muuzaji. Mwisho wa mwezi wanahesabu, na feza inapita kwa M-Pesa ao Airtel Money. Mapatano yaandikwe kwenye karatasi: asilimia ngapi, siku gani ya kulipa, na inakuwaje bidhaa ikirudishwa. Udhaifu wa njia hii unajulikana. Mnunuzi anaweza kusoma ukurasa, akaenda dukani kwa miguu bila kutuma ujumbe, na komisyo inapotea. Maduka mengine yanamaliza hilo kwa kumpunguzia bei kidogo yule anayetaja neno, hapo mnunuzi mwenyewe hasahau.

Feza itafika kwa mkono namna gani?

Swali hili linapaswa kujibiwa kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza. Katika mji ambamo benki zimefunga milango linakuwa zito zaidi. Goma ilibaki bila benki zake toka mwisho wa Januari 2025, na Bukavu ikafuata mwezi wa pili. Watu walibaki na feza ya telefone. Lakini programu kubwa za afiliasyo hazitumi moja kwa moja kwenye M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money ya Congo.

Amazon inalipa kwa konti ya benki, kwa kadi ya zawadi ao kwa sheki. Kwa konti na kadi, malipo yanaanza pakifika dola 10. Kwa sheki mpaka dola 100. Na haiharakishi: komisyo za mwezi wa tatu zinalipwa karibu na mwisho wa mwezi wa tano, siku kama 60 nyuma ya kufunga mwezi. Kadi ya zawadi inatumika kununua ndani ya Amazon tu. Kwa mtu wa Kindu hiyo ni feza asiyoweza kula, isipokuwa kama ana ndugu ng'ambo wa kumnunulia kitu. Sheki ya dola kutoka Marekani ni karatasi ya kutazama.

Programu nyingine zinatumia PayPal ao Payoneer. Hapa pana mtego: PayPal haitoi huduma ile ile kwa kila inchi, na kuna mahali ambako mtu anaweza kutuma feza lakini hawezi kuipokea. Mwenye kuanza afungue konti kwanza, aweke Congo kama inchi yake, aone anaruhusiwa nini, na kama inawezekana apokee hata dola 5 za majaribio. Wale wanaoandika kwamba wanakaa Ubelgiji ao Kenya ili wapate huduma zote wanasumbuka baadaye, siku kampuni inapoomba kitambulisho. Konti inafungwa na feza iko ndani.

Wengine wanatumia konti ya ndugu aliye Kigali, Kampala ao Ulaya. Inatembea kama ndugu ni mwaminifu, lakini kwa karatasi feza ni yake, na kodi ikiombwa ataombwa yeye. Programu za Marekani zinaomba pia fomu ya kodi. Mtu asiye raia wala mkaaji wa Marekani anajaza ile inayoitwa W-8BEN, na jina analoandika lifanane na la kadi yake herufi kwa herufi. Kwa watu ambao kadi ya uchaguzi inasema «Mugisho» na pasipoti inasema «Mugisho Bahati», hilo si jambo dogo.

Kupima bila mashine

Tovuti nyingi za wenye kuanza zinakufa kwa sababu moja: mwandishi hajawahi kushika bidhaa. Anachukua maneno ya kiwanda, anayageuza kidogo, anaongeza nyota tano. Toka Aprili 2021 Google ilianza kupanga kurasa za namna hiyo nyuma ya zile zinazoonyesha kwamba mwandishi alitumia kitu: picha zake mwenyewe, vipimo vyake, kasoro alizoziona. Mwisho wa 2022 iliongeza neno «uzoefu» kati ya mambo ambayo wapimaji wake wanatazama. Akili bandia haikukatazwa, lakini toka Machi 2024 Google inapambana na yule anayezalisha mamia ya kurasa tupu ili kudanganya mashine ya kutafuta.

Kupima hakuhitaji maabara. Pawabanki ni mfano mzuri, sababu huku karibu kila nyumba iko nayo na karibu kila soko linauza za uongo. Ndani yake mara nyingi mna betri za duara za litiyamu, zile ambazo mafundi wanaziita 18650. Moja ina uzito wa gramu 45 hivi, na iliyo bora kabisa inashika karibu 3,500 mAh. Kwa hiyo pawabanki iliyoandikwa 50,000 inahitaji betri zisizopungua 15, yaani zaidi ya gramu 600 bila kuhesabu kasha. Mwandishi anaipeleka kwa mama anayeuza samaki ndakala kwa mizani, anaona gramu 250, anapiga picha. Picha hiyo moja inamfaa msomaji kuliko aya kumi, na haikugharimu kitu.

Kisha jaribio la pili. Hata pawabanki ya kweli haitoi namba yote iliyoandikwa. Betri ya ndani iko na volti 3.7, na inapotoka inapandishwa hadi volti 5. 20,000 inakuwa chini ya 15,000, na joto linakula nyingine. Telefone yenye betri ya 5,000 itajazwa karibu mara tatu, si mara nne. Mwandishi anayeeleza hilo anamlinda muuzaji mwaminifu na anamfunua mwongo. Anahesabu mara ngapi telefone imejaa kutoka sifuri, anaandika saa, anarudia siku nyingine.

Taa ya jua inapimwa hivyo hivyo. Inaachwa juani siku nzima, inawashwa saa kumi na mbili ya jioni, na mtu anaandika saa ngapi mwanga umepungua mpaka mtoto hawezi tena kusoma daftari. Kipimo cha daftari si cha kisayansi, lakini ndicho mnunuzi anachotaka kujua. Jaribio lifanywe pia siku ya mawingu, kwani Bukavu haipati jua la Kalemie.

Bidhaa zitatoka wapi? Dukani kwa mkopo wa siku tatu, kwa jirani, kwa kikundi cha akiba. Duka likitoa bidhaa ya bure, msomaji aambiwe. Na mwandishi ajue mapema atafanya nini siku taa ya yule anayemlipa komisyo itazimika saa mbili ya usiku. Mama aliyekusanya dola 25 za likelemba ili watoto wake wasome usiku hana dola 25 zingine. Akinunua kibovu kwa sababu ya maneno ya mwandishi, anamjua, na anajua nyumba yake iko wapi. Hilo ndilo linalomtenganisha mwandishi wa Goma na wale wa mbali.

Kusema wazi kwamba komisyo ipo

Marekani inalazimisha: anayelipwa kwa kusifu kitu aseme, tena mahali panapoonekana, si chini kabisa kwa herufi ndogo. Toka Oktoba 2024 kuna sheria ya huko inayokataza maoni ya uongo na ya kununuliwa. Ufaransa nayo ilipitisha sheria Juni 2023 juu ya watu wanaotangaza bidhaa mitandaoni. Amazon kwa upande wake inadai kila tovuti iseme kwamba inalipwa. Congo iko na Kode ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inagusa biashara ya kwenye intaneti na ulinzi wa habari za watu; anayekusanya namba za telefone za wasomaji wake afahamu kwamba hilo liko ndani ya sheria.

Maneno yenyewe si magumu. «Ukinunua kupitia linki hii, duka litatupatia komisyo, bei yako haibadiliki.» Yanawekwa juu, kabla ya linki ya kwanza. Linki yenyewe inapewa alama ya «sponsored» ndani ya kode ya ukurasa, alama ambayo Google iliitengeneza 2019 kwa kazi hiyo. Wengine wanaogopa kwamba msomaji atakimbia. Lakini huku kila mtu anajua komisyoneri analipwa. Kinachomkasirisha mpangaji ni kugundua kwamba alilipwa pande mbili.

Vyombo na muda

Kwa vyombo, mambo ni mafupi. Blogger ya Google ni ya bure na inatosha kwa miezi ya kwanza. WordPress nayo ni programu ya bure toka 2003, lakini seva ya kuiweka inalipiwa. Jina la mwisho wa .com linagharimu kati ya dola 10 na 15 kwa mwaka, lile la.cd ni la Congo. Picha zipunguzwe uzito kabla ya kupandishwa, sababu msomaji wa Walikale analipa mega yake mwenyewe, na ukurasa wa mega 8 hataungoja. Bei za Amazon zisiandikwe kwa mkono: zinabadilika kila siku, na masharti yao yanakataza. Maoni ya wateja wao na picha zao pia hazinakiliwi ovyo.

Muda ndio unaochosha. Tovuti mpya inaweza kukaa miezi mingi bila mgeni kutoka Google. Kiswahili kinasaidia, kwani kurasa nzuri za kupima bidhaa kwa lugha hii ni chache, lakini watafutaji nao ni wachache kuliko wa Kifransa. Wengine wanaandika kila ukurasa kwa lugha mbili. Wanaotegemea duka la mtaani hawangoji Google: wanatuma ukurasa kwenye vikundi, na jibu linaonekana wiki ile ile.

Kuna watu wanaotumia jina la afiliasyo kwa kuiba. Wanaomba dola 20 ao 50 «za kufungua konti», kisha wanaahidi malipo kwa kila mtu mpya anayeletwa. Programu ya kweli haimwombi mtu feza ya kuingia, na komisyo inatoka kwa bidhaa iliyouzwa. Pale ambapo hakuna bidhaa, na feza ya wa nyuma inawalipa wa mbele, hiyo ni piramidi.

Inabaki kazi ambayo hailipwi: kurudia kurasa za zamani. Pawabanki iliyokuwa nzuri mwaka jana inaweza kurudi sokoni na kasha lile lile na betri mbili tu ndani. Tarehe ya kipimo iandikwe juu ya kila ukurasa. Bidhaa ikibadilika, linki inaondolewa siku ile ile, na mahali pake panaandikwa kilichoonekana na uzito uliopatikana kwenye mizani.